Sakafu ya Mpimaji

Kabla ya kigae chochote kutandikwa, hali ilikuwa hivi. Nyumba ya Mpimaji ilikaa juu ya mji wa Machakos, katika vilima vya Iveti, mahali ambapo ukungu hushuka mwanzoni mwa mwezi wa sita na, isipokuwa kwa saa chache za adhuhuri, hauondoki hadi mwisho wa mwezi wa nane. Nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, ilisimama karavani: kijumba cha bati na plaiwudi juu ya magurudumu mawili, chenye kitanda, meza ya kukunja na jiko la mafuta ya taa, ambacho wapima ardhi wa zamani walikivuta nyuma ya gari na kulala ndani yake walipokuwa kazini nyikani. Sakafu yake ilikuwa imelowa kwa mvua za El Niño, ikaoza. Mwendo wa saa mbili kwa gari, huko Kithimani, kwenye uwanda wa Yatta, Mpimaji alikuwa na shamba la ekari tano lisilo na nyumba. Na katika nyumba ya mlimani alikuwamo mkewe, Mama Mwende, ambaye kifua kilimbana kila baridi ilipoingia, na ambaye mwaka ule alikuwa ametoka kulazwa hospitalini siku kumi na moja. Daktari alisema maneno machache: mwaka ujao baridi isimkute mlimani.

Msomaji atauliza kwa nini mama huyu hakwenda kukaa kwa binti yake, Mwende, aliyeolewa Makindu, ambako joto halikatiki. Jibu ni nthoni, ile heshima ya kuepukana ambayo Wakamba huiweka kati ya mama mkwe na mume wa binti yake. Mwanamke wa kizazi chake hangeweza kulala chini ya paa la mkwe, wala kupishana naye ukumbini akiwa amejifunga khanga ya kulalia.

“Niende nikohoe mkwe akisikia?” aliniambia. “Heri nikohoe hapa, nikisikiwa na mbuzi.”

Na kwa nini Kithimani hapakujengwa nyumba? Hapo ndipo inapolazimu kumweleza Mpimaji mwenyewe.

Nilimfahamu kwa miaka saba nikiwa mpangaji wake. Nilikuwa nimehamishiwa shule ya sekondari iliyo karibu, kufundisha Kiswahili na historia, na dirisha la chumba changu lilitazamana na ile karavani. Watu wa mlimani walimwita Mpimaji, nami sitamwita vinginevyo. Serikali ilimwajiri kupima ardhi tangu ujana wake. Alipostaafu, karavani aliyokuwa akilala ndani yake ikapigwa mnada, naye akainunua. Mama Mwende alikuwa akisema kwamba waume wa wenzake walistaafu wakaletewa saa ya ukutani.

Kazi hiyo ilimweka mbali na nyumba yake kwa miaka ishirini na miwili. Aliondoka Jumatatu akisema, “Narudi Ijumaa,” na Ijumaa hiyo mara nyingi ilikuwa ya mwezi mwingine. Mama Mwende alizaa watoto wanne, akachuma kahawa, akawazika wakwe zake wawili, na karibu kila mara Mpimaji alifika jambo likiwa limekwisha kutendeka, vumbi la Masinga au la Kinanie likiwa bado kwenye kola ya shati.

Kustaafu hakukumtuliza. Chai aliinywa amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili ukipima kitu: kizingiti, mgongo wa kiti, umbali baina ya kuku na mlango. Alihesabu hatua zake kwa sauti ya chini, na ukimsalimu katikati ya hesabu alikuinulia kidole umsubiri afike mwisho. Lango la boma alilihamisha mara tatu nilipokuwa pale. Wageni waliozoea kuingia kwa upande wa mashariki walijikuta wakibisha hodi kwenye ua. Katika mikutano ya kanisa aliinuka mara tu msemaji wa pili alipoanza, akatoka nje, na akina mama wa kwaya wakanong'onezana: “Ameenda kuona kama mpaka wa kanisa bado uko.” Huko Kithimani alikuwa amepigilia vigingi vya msingi wa nyumba mara nne, na mara nne akaving'oa. Mara moja sababu ilikuwa upepo. Mara ya pili ilikuwa jua la jioni. Mara mbili zilizosalia hakutoa sababu.

Mtu huyu asiyetulia, hata hivyo, alichukia kitu chochote kinachosogea. Meza iliyotikisika aliishughulikia kabla ya kumsalimu mwenye meza. Zaidi ya yote alichukia mwanya. Katika miaka yake ya kazi aliwahi kuchora mipaka ya ndugu wawili kule Yatta, na penseli yake ikaacha kati yao ukanda mwembamba ambao, kwa mujibu wa ramani, haukuwa wa yeyote. Ndugu hao waliugombania hadi wakazeeka, hata familia zao zikaacha kuzikana. Mpimaji aliitwa mahakamani kueleza, na hakujisamehe. “Ukiacha futi moja katikati ya watu wawili, Mwalimu,” aliniambia zaidi ya mara moja, “hujawaachia futi. Umewaachia kesi.” Tangu hapo kila alichokijenga alikibananisha. Milango yake ilikaa ndani ya fremu bila nafasi hata ya karatasi. Mvua iliponyesha mbao zikavimba, milango haikufunguka, na familia nzima pamoja na mpangaji tukapitia jikoni.

Ni muhimu kusema kwamba hakuwa mjinga wa mambo ya joto. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba utepe wa chuma wa kupimia hurefuka jua linapokuwa kali, kwamba adhuhuri ya Kinanie si sawa na alfajiri yake, na kwamba mpimaji makini hubeba kipimajoto na kusahihisha kila urefu daftarini kabla ya kulala. Madaftari hayo aliyatunza katika sanduku la bati. Nilipoyafungua niliona safu ya masahihisho, imenyooka, haina mfuto hata mmoja.

Kwa sababu hiyo yaliyofuata hayakutokana na kutojua.

Aliamua kwamba, kwa kuwa nyumba ya Kithimani ingechelewa, Mama Mwende angepitisha baridi ndani ya karavani, na kwamba kazi kubwa iliyobaki ilikuwa sakafu. Alibandua plaiwudi iliyooza, akaweka mpya, akanunua mjini vigae vya plastiki, vile vyembamba vya mraba vinavyobandikwa kwa gundi, vya rangi ya maziwa na kahawia. Alivitandika mwezi wa nane, ukungu ukiwa mlangoni na vidole vyake vikiwa vimekufa ganzi. Alipomaliza aliniita.

“Mwalimu, lete wembe.”

Nikauleta.

“Jaribu kuingiza. Popote unapotaka.”

Nilijaribu katikati, nikajaribu pembeni ukutani. Haukuingia.

“Basi,” akasema. “Hiyo ndiyo inaitwa sakafu.”

Mwezi wa kumi tuliivuta karavani kwa pikapu yake hadi Kithimani ili mwenyewe aikague. Mama Mwende alikuja na chupa ya chai na mashaka yake. Ilipofika saa nane mchana bati la paa lilikuwa halishikiki, na vigae, ambavyo havikuwa na pa kwenda, vilikuwa vimesukumana vikainuka katikati ya chumba, mstari mrefu kama njia ya fuko shambani. Mama Mwende alivua viatu, akapanda, akakanyaga tuta lile. Likashuka kwa kishindo, likainuka hatua mbili mbele yake.

“Baba Mwende, kuna mtu hapa chini?”

“Hakuna mtu. Ni joto.”

“Kama iko hivi na hakuna mtu, mimi nikilala itakuwa aje?”

Mpimaji alipiga magoti akaligandamiza kwa viganja. Alipobonyeza hapa, likachomoza pale. Mkewe akashuka akavaa viatu.

“Hii sakafu iko na pumzi kunishinda,” akasema, na jioni ile alirudi nasi mlimani.

Mara ya pili alitumia akili iliyo kinyume. Alitandika vigae vipya kule kule Kithimani, mwezi wa pili, saa za jua kali, akiamini kwamba kilichokwisha kushiba joto hakiwezi kuongezeka tena. Katika hilo hakukosea. Akavibananisha tena, wembe haukuingia tena, na tuta halikutokea. Lakini hakuiacha karavani pale. Aliirudisha mlimani chini ya lile paa la mabati, akidai kwamba nyikani wangeiiba. Mimi niliyekuwa nikimwona dirishani nilifahamu kwamba hakupenda kuamka asubuhi bila kuyaona magurudumu yale.

Ukungu ulipofika, vigae vilisinyaa. Kati ya kimoja na kingine ukaonekana mwanya wa kuingiza kijiti cha kiberiti. Gundi ikakauka na kukatika kama sukari guru. Unyevu ukapanda kutoka chini, na sisimizi wakafuata. Hapo ilikuwa wiki ya pili ya mwezi wa sita. Mama Mwende alikuwa amekwisha kufunga nguo zake kwenye kikapu.

“Wiki moja tu,” Mpimaji alimwambia. “Nizibe hii mianya, tunaenda.”

Alijaribu nta. Wiki iliyofuata alijaribu saruji nyeupe, na baada yake vipande vyembamba vya plastiki alivyovikata kwa kisu, kimoja kimoja, vikae barabara. Kila Jumatatu ilikuwa wiki moja tu. Nilimwambia aivute karavani ilivyo, kwa kuwa joto la Kithimani lingeifunga mianya yenyewe. Akanijibu kwamba hawezi kumlaza mke wake juu ya kazi isiyokwisha. Usiku nilimsikia Mama Mwende akikohoa ng'ambo ya ukuta, kisha kimya kirefu cha mtu anayetafuta hewa. Katikati ya mwezi wa saba tulimbeba hadi kwenye pikapu, mimi nikimshika mgongo.

Hospitalini Mpimaji hakuweza kukaa. Alipita kati ya vitanda akihesabu, akafika ukutani, akarudi, hadi muuguzi akamwambia, “Mzee, kaa chini ama utoke.” Akatoka, akasimama nyuma ya mlango. Mama Mwende alinivuta mkono.

“Mwambie apime ua ya hospitali. Anasumbua watu.” Alipumzika, akavuta pumzi kwa shida. “Daktari amesema hii kifua haitaweza baridi ingine kama hii. Hiyo usimwambie.”

Lakini mlango ulikuwa wa pazia, naye alikuwa amesikia. Tulipofika langoni kwake, lile la tatu, alizima injini.

“Utepe wa chuma nilisahihisha maisha yangu yote,” akasema. “Sakafu ya bibi yangu sikusahihisha.”

Siku iliyofuata tulikwenda mjini, katika duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa Msomali wa makamo, mtaratibu wa maneno, ambaye baba yake aliwahi kuuza mifugo na ngozi katika soko la Kithimani.

“Mzee, hii ni mara ya tatu unanunua vigae,” akasema. “Unavikula?”

Mpimaji alimweleza yote, kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ushahidi. Mwenye duka alisikiliza huku akifuta kaunta kwa kitambaa.

“Pembeni umeacha nafasi?”

“Nafasi ya nani?”

“Ya hiyo kitu yenyewe.”

“Mimi siachi nafasi.”

“Basi utakuwa mteja wangu mpaka ufe. Sikia, mzee. Baba alikuwa anaanika ngozi. Ngozi mbichi, ukiivuta mpaka mwisho na uipige misumari pande zote, ikikauka inararuka kwa misumari. Lazima uiachie kidogo. Hii plastiki ni ngozi tu. Ipatie mahali pa kwenda, na haitaenda mbali.”

Kisha akampa masharti, na Mpimaji akayaandika. Vigae vifunguliwe vikae ndani ya karavani siku tatu, vizoee hewa yake. Visitandikwe alfajiri wala adhuhuri, wala kwenye baridi ya mwezi wa saba wala jua la mwezi wa pili. Gundi iwe ile inayobaki laini. Kando ya kuta zote uachwe mwanya wenye upana wa penseli, na juu ya mwanya huo upigiliwe ukingo wa mbao. Misumari iingie ukutani, isiguse sakafu.

Sharti la mwanya lilimshinda. Nilimwona kwa macho yangu mwezi wa tisa, amepiga magoti, akiweka kigae mahali panapostahili. Kisha dole gumba, polepole, likakisukuma hadi ukutani. Akakirudisha. Dole likakisukuma tena. Mwishowe nilikwenda chumbani nikaleta boksi la penseli nilizotunza kwa ajili ya mitihani ya wanafunzi, tukazilaza moja baada ya nyingine kandokando ya kuta ili zishike nafasi. Nikaenda darasani. Niliporudi saa kumi nilikuta penseli tatu za upande wa mlango zimo mfukoni mwake, na vigae vya upande huo vimegusa ukuta.

“Mkono ulisukuma wenyewe,” akasema.

“Mzee, tubandue.”

“Vimekaa vizuri, Mwalimu. Tazama mwenyewe.”

“Mama Mwende hataweza baridi ingine.”

Alitoa penseli mfukoni. Tukabandua safu nzima, gundi ikivutika kama ulimbo, na safari hii nilikaa mlangoni hadi kigae cha mwisho.

Mwezi wa pili tuliivuta Kithimani. Saa nane mchana sakafu ilikuwa imelala kimya. Mwezi wa tano, kabla ukungu haujashuka mlimani, tulimpeleka Mama Mwende. Alivua viatu, akatembea kutoka mlango hadi kitandani, akagonga kwa kisigino, akainama akapitisha kiganja. Mpimaji alisimama nje akitazama upande mwingine.

“Sakafu ni nzuri,” Mama Mwende akasema.

“Nimeacha nafasi,” Mpimaji akajibu.

“Nimeona.” Akaketi mlangoni, miguu nje. “Sasa hayo magurudumu ni ya nini?”

“Ni ya kuivuta.”

“Iende wapi?”

Mpimaji aligusa gurudumu kwa ncha ya kiatu. “Kukitokea kitu.”

“Baba Mwende, miaka ishirini na mbili uliniambia unarudi Ijumaa. Siwezi kaa kwa kitu inaweza ondoka nikiwa kisimani.”

Alisema hayo bila kupandisha sauti, huku akifunga kamba za viatu. Nilielewa wakati huo kwamba hata kama sakafu ya kwanza ingekuwa kamilifu, pengine angeshuka vilevile akarudi mlimani. Mpimaji alinitazama jinsi mtu anavyolitazama daftari ambalo hesabu zake zimekataa kufunga. Kisha akaondoka kwa miguu hadi kwenye jiwe la mpaka wa shamba, akasimama hapo muda mrefu, akarudi. Hakuhesabu hatua. Tulirudi mlimani pamoja na Mama Mwende na kikapu chake cha nguo.

Wiki hiyohiyo nilipokea barua ya uhamisho kwenda Kangundo. Niliondoka siku ya Ijumaa, kabla sijajua aliamua nini.

Ilipita miaka mitano. Shughuli ya kusimamia mitihani ilinifikisha Kithimani mwezi wa saba, nikatembea hadi shambani. Njiani nilipishana na mkokoteni wa punda uliobeba mapipa ya maji, na magurudumu yake nikayatambua kuwa ya karavani, ingawa mwenye mkokoteni sikumfahamu. Karavani ilikuwa juu ya matofali ya mawe, imeunganishwa na baraza ya mabati na jiko la nje. Moshi ulikuwa ukitoka. Mpimaji alisimama kwenye baraza, kikombe mkono mmoja.

“Umechelewa, Mwalimu. Kutoka barabarani ni hatua mia nne na kumi na mbili, na nimekuona ukiwa kwa ya hamsini.”

Alinikaribisha ndani kabla hajaniuliza habari za shule. Kipande kimoja cha ukingo wa mbao, kando ya mlango, alikuwa amekifunga kwa skrubu ili kifunguke. Alikifungua. Penseli, moja ya zile zangu, ilining'inia pale kwa uzi.

“Asubuhi inaingia,” akasema. “Saa nane haiingii. Kila siku naangalia.” Akanionyesha daftari. Safu zilikuwa mbili, asubuhi na mchana, zimenyooka, hazina mfuto.

“Na magurudumu, Mzee?”

Alitazama upande wa barabara. “Yanabeba maji.” Akanywa chai. “Wiki ya kwanza sikulala. Nilikuwa nasikia vile tumesimama.”

“Na sasa?”

“Sasa nalala kidogo.”

Mama Mwende aliingia na sufuria ya isio, mahindi na maharagwe, akanisalimu kwa mikono yote miwili na kuniuliza kama Kangundo walinipa mke au bado. Alicheka hadi mwisho wa kicheko chake bila kukohoa. Tulipomaliza kula Mpimaji aliinuka kunisindikiza, na kabla hajafika mlangoni mkewe akauliza, bila kugeuka kutoka kwenye vyombo:

“Baba Mwende, unaenda wapi?”

“Kwa jiwe tu.”

Alifika kwenye jiwe la mpaka, akanipa mkono, akasimama hapo hadi nilipofika barabarani. Mwenye mkokoteni, niliyempata akipumzisha punda wake kando ya njia, ndiye aliyenisimulia yaliyobaki. Magurudumu yalitolewa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, siku mbili baada ya mimi kuhama. Mama Mwende alishuka Kithimani Jumanne, na tangu hapo hakulazwa tena.